Ukiangalia, Una Jicho

Macho yangu yalianza kufa pembeni nikiwa fundi wa nguo Kawangware. Mbele nilikuwa naona sawasawa, hata uzi natia kwenye sindano. Kando, hakuna kitu, kama mtu anayechungulia kupitia bomba. Jirani akinisalimia kutoka ubavuni nilimpita tu, basi nikaitwa mwenye maringo. Sindano anaiona, mtu mzima hamwoni?

Nikapelekwa kliniki moja ambako madaktari walikuwa wakifanya utafiti. Walisema wazi kwamba macho hayatarudi. Walichotaka kujua ni kama mtu anaweza kufundishwa kutumia hicho kidogo kilichobaki. Walitutembeza kwenye korido safi, maboksi yamewekwa huku na huku. "Fagia kwa macho, mama," kijana wa mazoezi alikuwa akiniambia. "Kushoto, kulia, chini, halafu ndio upige hatua." Weh, nilifagia! Siku niliyofika mwisho wa ile korido bila kugonga kitu nililia kwa furaha.

Sasa rudi nyumbani. Kwenye ploti yetu vyumba vilitazamana, milango wazi, watu wanapika na kula pale pale nje. Kila nikipita nafagia: jiko, sufuria, sahani ya mtoto, chini. Wengi wetu tulitoka upande wa ziwa, na kwetu mtu mwenye jicho anaogopwa sana. Akikutazama ukila, tumbo linakukata. Mimi mwenyewe nililelewa nikiamini hivyo, ila sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitaonyeshwa kidole mimi.

Jirani wa mlango wa kushoto alikuwa na binti mdogo. Jioni moja nilipita akila ugali na omena, nikafagia kama kawaida. Usiku mtoto akaumwa na tumbo. Asubuhi mama yake alisimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni.

"Ulikuwa unatafuta nini kwenye sahani ya mtoto wangu?"

Nilimweleza habari za kliniki hadi mate yakanikauka. Nani angeamini kuna madaktari wanaofundisha mtu mzima kuangalia? Tangu siku hiyo majirani wakinisikia nakuja wanafunika chakula. Keateka, yule msimamizi wa ploti, akaniambia niinamishe macho au nihame. Nilipompelekea yule kijana wa mazoezi malalamiko yangu, alicheka, akasema nisibabaishwe na ushirikina. Ni rahisi kusema. Yeye hakuwa akiishi kwenye ile ploti, na utafiti wao haukuwahi kutoka kwenye korido. Niliwachukia wote, wao na majirani.

Nikainamisha macho. Ningehamia wapi, na wateja wangu wote walikuwa hapo?

Jumamosi moja nilitoka na ndoo kwenda kuteka maji. Sikufagia. Goti langu likagonga sufuria iliyokuwa juu ya jiko pale nje, uji ukamwagika, nikasikia mtoto akipiga mayowe. Alikuwa yule yule binti, amechuchumaa kando nisikoona. Mama yake akaja mbio.

"Wewe! Kwani huwezi kuangalia unakoenda?"

Nilifungua mdomo nimjibu, lakini mtoto alikuwa ameungua mguu. Nikageuza kichwa nimtafute anakolilia. Akina mama wakamzunguka haraka, wakamfunika kwa leso walizojifunga kiunoni, nisije nikamwona.