Jina Alilolitoa Mwalimu Ndinda

Mimi nilisoma mpaka darasa la sita, na kama si mwalimu kunichukia, leo ningekuwa profesa. Akili zilizobaki nyumbani alizichukua dada yangu Ndinda, mwalimu wa historia pale Matinyani. Kwa hivyo mkimsifu, mjue zilitoka wapi.

Mwaka wa tisini na sita shirika moja la kimataifa liliwaita walimu semina Kitui mjini, wajifunze namna ya kuwafundisha watoto juu ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Wazungu walileta picha, lakini aliyefundisha hasa ni mama Mnyarwanda, Donatila. Ukoo wake wote uliuawa. Alikuwa amefikia nyumbani kwa Ndinda, na jioni moja akamwambia, "Mwalimu, nikifa mimi, hakuna tena mtu atakayejua kwamba mama yangu Nyirakamana aliwahi kuishi."

Ndinda akaliandika jina hilo kwenye daftari lake. Na dada yangu akiandika kitu, jua kuna jambo.

Kabla semina haijaisha, Syokau, mke wa Mulei mwana wa Ndinda, akajifungua msichana, mtoto wao wa kwanza. Kwetu Wakamba hili halihitaji kamati: msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Ndinda aliingoja zamu hiyo tangu Mulei aoe. Mimi nilikuwa nimeshatangaza sokoni, mpaka kwa wauza mbuzi, kwamba Ndinda mdogo amefika.

Siku ya tatu kina mama wakakusanyika kumpa mtoto jina. Ndinda akampakata. "Huyu ni Nyirakamana."

"Nyira nani?" nikauliza.

"Umesikia vizuri."

"Dada, umerogwa? Hiyo ni zamu yako! Jina lako litapotelea wapi?"

"Jina langu lina wewe wa kulipigia kelele sokoni. La yule mama halina mtu."

Kina mama wakanicheka mpaka wakafuta machozi. Mulei akamtazama mkewe. Syokau akasema, "Mama, sisi tumekubali."

Donatila alikuwa amesimama mlangoni. "Kwetu," akasema polepole, "kila mtoto hupewa jina lake jipya. Haturithishani."

"Kwetu tunarithishana," Ndinda akamjibu. "Na anayebeba jina la mama yako ni mama yako. Njoo umwamkie."

Donatila akapiga magoti mbele ya kitoto kile kilichosinzia. "Muraho, mama," akasema, salamu ya kwao ya watu ambao hawajaonana siku nyingi. Mimi nikatoka nje kuangalia mbuzi. Mbuzi walikuwa salama; mimi ndiye niliyehitaji kuangaliwa.

Sasa Nyirakamana ana miaka mitatu, na kila anayesikia jina lake huuliza ni la wapi. Juzi mfanyabiashara kutoka mji wa Salama alikuja kununua mbaazi, akauliza. Ndinda akamkalisha kwenye gunia, akamweleza ya Rwanda yote. Mtu wa watu aliondoka amesahau mbaazi.

Mwaka jana Syokau alizaa msichana wa pili, naye mtoto akachukua jina la mamake Syokau, kwa haki, maana wa pili ni zamu ya upande wa mama. Ndinda bado hana wa jina lake, na ukimhurumia atakufukuza na mwiko. Mimi simhurumii. Nikipita sokoni nawaambia wote: yule aliyempa mama wa wengine nafasi yake ni dada yangu, tumbo moja.