Bafle Ilitangaza Nguruwe Wakati Wakwe Wanaomba

Siku ya kuniposa, mzee wa watu akiwa katikati ya maombi, bafle yetu, spika kubwa ya muziki, ilifungua mdomo ikatangaza kwamba nguruwe ameiva.

Sitanii.

Hapa Uvira kisa hiki kinasimuliwa vibaya. Wengine wanasema tuliwalisha wakwe nguruwe. Uongo mtupu. Acha nikieleze mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa ninaposwa.

Ninaitwa Spès. Kwetu ni Kiringye, bondeni, lakini nimekulia Kilibula, mtaa wa hapa mjini. Baba alishafariki. Mkubwa wa nyumba ni kaka yangu Libérat, na Libérat ana ugonjwa mmoja: kitu hakimfurahishi mpaka watu wakione.

Mchumba wangu ni Muhire, mtoto wa wafugaji wa milimani, huko juu nyuma ya mji. Wazazi wake ni Wasabato wa kweli kweli. Pombe hawagusi, na nguruwe ndiyo kabisa usiwatajie. Sisi ni Wakatoliki, na kwetu nguruwe wa kuchoma baada ya misa ni chakula kama chakula kingine.

Nilimpenda Muhire vibaya sana. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba watu wake watatuona sisi si watu wa kuunga nao undugu.

Libérat akasema niache wasiwasi. Yeye atawachomea paja zima la ng'ombe, polepole, kwa moshi, kwenye nusu pipa. Litaletwa mezani zima, likatwe mbele ya macho yao.

"Bale ni bantu ba ng'ombe," akaniambia. "Tukibapa nyama mbichi, bataicheka miaka yote. Tukiikausha, bataicheka pia."

Shida ikawa moja. Mkubwa wa nyumba lazima akae na wageni. Hawezi kusimama kwenye moshi akichungulia nyama huku wakwe wanaongea na viti.

Ndipo akasikia habari za vipima joto vya nyama. Tukaenda wote wawili kwa Étienne, anayeuza vitu vya jikoni na vya simu karibu na soko.

Étienne akatoa viwili.

Cha kwanza kilikuwa kibaya cha sura. Msumari wa chuma unaoingia ndani ya nyama, waya mrefu, na kidude chenye namba mwishoni. Hakina habari na simu.

Cha pili, weh! Kinang'aa. Msumari bila waya, kisanduku kidogo cha kuweka karibu na moto, na kisanduku kinazungumza na simu yako. Unachagua picha ya mnyama unayemchoma, na kisanduku kinaikumbuka. Nyama ikiiva, simu inakwambia kwa sauti ya mwanamke wa Kifaransa.

Libérat akatabasamu kama mtu aliyeonyeshwa mtoto wake.

"Grand," Étienne akamwambia kaka yangu, "minye nakwambia ukweli. Hii ya waya iko mubaya kwa macho, lakini unajua iko inapima nini. Hii ingine iko muzuri, lakini haina kode, ile namba ya siri. Simu inakamata kisanduku yoyote yenye inaona ya kwanza. Kama kuko mwengine karibu na weye, vinaweza kuchanganyikana."

"Nani mwengine iko na kitu kama hii mu Kilibula yote?" Libérat akacheka.

Étienne akafunga cha kung'aa kwenye mfuko.

Nyumbani tukakijaribu kwenye sufuria ya maji. Yakachemka, namba zikapanda sawasawa. Tukapiga makofi. Kingeishia hapo kingekuwa kipima joto kizuri kuliko vyote duniani.

Sasa kumbuka ule ugonjwa wa kaka yangu.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni Papa Bigirimana. Ana kabare ndogo, watu wanakunywa pale na kula nguruwe wa kuchoma kila Jumapili. Libérat alikwenda kumwonyesha. Si mara moja. Alimwonyesha mpaka yule baba wa watu akauliza kinauzwa wapi.

"Kwa Étienne," kaka yangu akajibu kwa maringo. "Kama utaweza."

Papa Bigirimana akaweza. Akanunua kama kilekile.

Na kati yetu hakuna aliyekumbuka maneno ya Étienne. Mimi pia sikukumbuka. Nilikuwa nawaza kitambaa na nywele.

Siku ikafika, Jumapili. Mimi nilifungiwa chumbani na binamu yangu Kaneza, kwa maana binti haonekani mpaka aitwe. Lakini dirisha linatazama uani, na pazia lilikuwa jepesi. Tuliona kila kitu.

Wakwe wakaingia. Mbele Mzee Rwabuhihi, baba yake Muhire, mrefu, koti jeusi, mzee wa kanisa. Pembeni yake Mama Murekatete, shangazi yake Muhire, mwanamke anayekutazama mara moja akamaliza kukusoma. Muhire alikuwa nyuma, suti imembana mabega. 

Libérat aliweka simu yake mezani, mbele ya wakwe, ili waione. Simu hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inapiga muziki kwenye bafle kubwa mbili tulizokodi.

"Wazee," akasema, "nyama yenu iko inalindwa na teknoloji. Mutu asifungue lile pipa mpaka simu iseme."

Mzee Rwabuhihi akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Kisha akasimama aombe. Libérat akazima muziki. Tukafumba macho wote, mimi na Kaneza nyuma ya pazia pia.

Mzee anaomba vizuri. Sauti yake ni nzito. Alishukuru kwa safari, akaombea nyumba yetu, akafika mahali pa kusema, "Bwana, utupe moyo safi..."

Bafle zote mbili zikalia tiiing.

"Le porc est prêt. Bon appétit!"

Nguruwe ameiva. Karibuni mezani. Sauti tamu ya mwanamke, kubwa, mtaa mzima umesikia.



Kaneza akanishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Mimi nilitamani sakafu ifunguke inimeze na gauni langu. Nilimwona Mzee Rwabuhihi akifumbua macho, taratibu, kama mtu anayeogopa kuona atakachokiona. Simu iko mbele yake. Kwenye kioo kuna picha ya nguruwe wa pinki, na namba kubwa chini yake.

Mzee akafumba macho tena. Akamalizia maombi kwa sauti ndogo. "Amina."

"Hii si ya kwetu!" Libérat akaruka. "Wazee, ninaapa, sisi tumechoma ng'ombe! Kujeni muone!"

Akakimbia kwenye pipa, akalitoa lile paja, akaliweka mezani. Kwa nje lilikuwa zuri jamani, jeusi la moshi, linameremeta mafuta. Akashika kisu ili awaonyeshe kwamba ni ng'ombe.

Damu ikafuata kisu.

Nyama mbichi. Mbichi kabisa, hata ndani ni baridi. Wafugaji wa milimani, watu wanaojua ng'ombe kuliko tunavyojua sisi majina ya ndugu zetu, wakaitazama, kisha wakatazamana. Muhire akainamisha kichwa. Nikajua basi, imekwisha, nitazeekea Kilibula.

Hapo ndipo kaka yangu angekaa chini na kuomba radhi. Angefanya hivyo, leo nisingekuwa na kisa.

Badala yake aligeukia ukuta.

"Bigirimana!" akapiga kelele. "Mushenzi weye! Unaingiza nguruwe yako mu simu yangu! Unatuonea wivu juu tumepata bakwe ba maana! Muchawi! Muuza uchafu weye! Toka hapa tukuone!"

Ninaandika haya na uso wangu bado unawaka. Papa Bigirimana ni mtu aliyechimba kaburi la baba yangu kwa mikono yake. Mke wake, Mama Generose, ndiye aliyetuazima viti ambavyo wakwe walikuwa wamevikalia saa ileile.

Lakini niwaambie kilichokuwa moyoni mwangu, maana hiyo ndiyo aibu yangu mimi, ambayo hakuna aliyeiona. Sikumwonea huruma. Nilimwomba Mungu huyo jirani anyamaze tu, asijibu, ili ndoa yangu isiharibike zaidi. Hicho tu.

Papa Bigirimana akatokea mlangoni mwa ua. Hakuingia. Baadaye Mama Generose alinieleza kwamba mikono yake ilikuwa na mafuta ya nguruwe, akaona si heshima kusogea karibu na wakwe wetu.

Mkono mmoja alishika kitu cheusi kama gogo lililoungua. Mkono mwingine simu.

"Libérat," akasema polepole, "nyama yangu yote imeungua. Bateja wamerudi na njaa. Tangu asubuhi hii simu iko inaniambia bado, bado, bado. Angalia mwenyewe."

Akainua simu. Picha ya ng'ombe. Namba iko chini kabisa.

Simu yake ilikuwa inapima paja letu. Simu yetu ilikuwa inapima nguruwe wake. Vile visanduku viwili vilikuwa vimebadilishana simu vyenyewe, kama Étienne alivyosema, na kila mmoja alikaa akilinda chakula cha mwenzake. Nguruwe alikuwa ameiva zamani; simu yetu ilingoja muziki uzimwe ndipo iseme.

Libérat akaitazama ile simu, akaitazama na yake mezani. 

Nikafikiri sasa mambo yatapoa. Watu watacheka, nyama itarudi motoni. Lakini Mama Murekatete hakucheka.

"Habari ya nguruwe, sisi tuliielewa tangu mwanzo," akasema. "Simu ni simu. Hata nyama mbichi inarudishwaka ku moto. Lakini, mwanangu, unamujua huyu mutu umemutukana?"

"Ni... ni jirani, mama."

"Ni yeye tuliulizaka."



Huku kwetu, kabla familia haijaja kuposa, inamtuma mtu kimyakimya kuulizia. Hawaendi kwa rafiki zenu, hao watawasifia. Hawaendi kwa adui, huyo atawachafua. Wanaenda kwa jirani, anayesikia mnavyoongea ndani ya nyumba yenu. Akisema "hapana," hamtawahi kujua kwa nini hakuna aliyekuja.

Mama Murekatete mwenyewe ndiye aliyekuja. Alikaa pale kabare, Msabato wa watu, katikati ya chupa na moshi wa nguruwe, akauliza habari zangu. Papa Bigirimana alimwambia niliuguza baba mpaka siku ya mwisho. Alimwambia nyumba yetu haina matusi. Kwa maneno hayo tu, watu wa mlimani walikuwa wameshuka.

Kwa maneno ya muuza uchafu.

Nilikaa kwenye kitanda. Kaneza alikuwa analia, sijui kwa nini yeye, mimi machozi yalinikataa.

Mzee Rwabuhihi akamgeukia Papa Bigirimana pale mlangoni. "Ndugu yangu, ulituambia hii nyumba haina matusi. Leo tumesikia kwa masikio yetu. Bado unasimama ku lile neno, ao unaligeuza? Sema tu. Sisi tutakusikiliza weye."

Sasa fikiria. Ametukanwa mbele ya wageni. Nyama yake ya Jumapili imekuwa makaa. Na ndoa yangu yote imewekwa kwenye ulimi wake.

Papa Bigirimana alimtazama Libérat. Akalitazama lile gogo mkononi mwake. Kisha akatazama dirishani, na ninaapa aliniona nyuma ya lile pazia. Nikashindwa kumwangalia. Nikainama.

"Muzee," akasema, "juu ya binti, siko nageuza neno hata moja. Ni vile nilisema."

Akapumua.

"Juu ya kaka yake, hamukuniulizaka."

Mzee Rwabuhihi alijaribu kujizuia kama mzee wa kanisa. Akashindwa. Kicheko kikamtoka mpaka akashika meza. Mama Murekatete akafunika uso na kitambaa. Muhire akacheka, wajomba zake waliokuja naye wakacheka. Ua wote ulicheka isipokuwa watu wawili, mimi chumbani na Libérat aliyesimama na kisu chake chenye damu, mdogo ghafla, kama shati lililofuliwa vibaya.

Kaka yangu akaweka kisu. Akatembea mpaka mlangoni, akapiga magoti mbele ya wakwe, mbele ya mtaa. Sikusikia alisema nini. Nilimwona Papa Bigirimana akimwinua kwa viwiko, maana viganja vyake vilikuwa vichafu.

Mama Murekatete akatoa amri moja: hakuna kula wala kuongea mahari mpaka yule jirani awe mezani. Papa Bigirimana akaenda kuoga, akarudi na shati lake la misa. Wakamkalisha kando ya Mzee Rwabuhihi.

Lile paja lilirudi motoni. Tulisubiri sana. Safari hii Mama Murekatete mwenyewe ndiye aliyesimama kwenye pipa, na kila kisanduku kilikuwa kimezimwa.

Nilipoitwa nitoke, nilimsalimia Mzee, nikamsalimia Mama, nikafika kwa Papa Bigirimana.  Nilitaka kumwambia samahani, si kwa matusi ya Libérat, kwa ile sala yangu ya dirishani. Sikuweza. Akanishika mkono tu, akasema, "Pole na joto, binti."

Leo mimi ni mke wa Muhire. Libérat alirudi kwa Étienne akanunua kile cha waya, kibaya cha sura. Hajawahi kumwonyesha mtu.

Kwa hiyo wewe unayetaka kipima joto cha nyama, sikiliza. Usikijaribu peke yake kwenye sufuria ya maji ukapiga makofi kama sisi. Kiwashe karibu na kingine cha aina ileile, uone kama bado kinaijua nyama yako. Uliza kama kina kode. Ikiwa hakina, chukua cha waya na uvumilie sura yake.

Na kabla hujampigia jirani kelele ukutani, fikiria kwanza. Huenda wiki iliyopita kuna watu walikaa kwake wakiuliza habari zako, na alichowajibu wewe hukijui.