Ukikaza Mwendo, Sauti Hupanda

Sipendi kumbi zenye mlango mmoja. Nikialikwa mahali, kwanza natazama watu watatokea wapi, na wanangu hunicheka kwa hilo. Waache wacheke.

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa DJ wa disko la mchana, kila Jumapili, katika ukumbi wa mfanyabiashara mmoja pale senta, Kasulo. Wazungu wa misaada walituachia kanda za transi, muziki wa mashine usio na maneno, na vijana waliupenda kupita kiasi. Nilikuwa na deki mbili zenye kitufe cha kuongeza na kupunguza mwendo, na kiburi cha kuwatosha watu kumi.

Kuunganisha nyimbo nilifundishwa na mkimbizi wa Kirundi, mtu mzima, aliyekuwa mwalimu wa kwaya kwao. Alikuja kwa miguu kutoka kambini, bila kibali. Mdomo haukumsaliti, maana Kirundi chake na Kihangaza chetu vinaelewana. Hofu yake ilikuwa moja: akamatwe nje ya kambi, arudishwe ng'ambo ya mpaka, ambako waliomchomea nyumba walikuwa bado wanamuulizia.

Alihesabu mapigo ya kila wimbo kwa saa ya mkononi, akaimba kwa kuguna mpaka aipate do yake, yaani sauti ya msingi ya wimbo, kisha akaandika vyote viwili juu ya jalada la kanda. Nyimbo zenye do moja hukaa pamoja. Zikipishana nusu sauti, zinang'atana.

"Lakini ukikaza mwendo, sauti nayo inapanda," aliniambia mara nyingi mpaka nikachoka. "Do niliyoandika si do tena. Sikiriza upya, bwana mdogo."

Kulikuwa na agizo jingine, na hilo halikunichosha.

"Mgambo wakija, usizime. Unganisha wimbo mwingine, taratibu, mtu asijue. Watu wakicheza hawageuki. Mimi nitapita katikati yao."

Mara mbili tulifanya hivyo, na mara mbili alipita.

Jumapili ya mwisho gari la mgambo lilipita barabarani mara mbili kabla ya saa nane. Mwenye ukumbi akafunga duka lake mapema, akaenda zake bila kutuambia neno. Nilitaka kumwambia mwalimu, "Kaka, leo rudi." Sikumwambia, kwa sababu bila yeye nilijiona nusu DJ.

Saa tisa wakaingia wawili, wakasimama karibu na mlango wakiwakagua watu usoni. Mwalimu aliniwekea kanda kando ya deki, akateremka jukwaani, akaanza kucheza polepole kuelekea nje.

Mimi nikachukua kanda nyingine. Ndiyo, nyingine, niliyoipenda mwenyewe. Jalada lilionyesha do ileile, ila ulikuwa wimbo wa mapigo mia na thelathini na mbili, na uliokuwa ukipigwa ulikuwa wa mia na arobaini. Nikakaza mwendo. Mapigo yakakutana sawasawa, nami nikatabasamu kama mjinga. Sikusikiliza upya. Nikafungua sauti.

Ukumbi mzima ulilia kama mbuzi wawili waliofungwa kamba moja. Watu wakaziba masikio, wakasimama, wakageuka. Kila mtu alisimama, isipokuwa mmoja aliyekuwa bado anatembea, hatua tatu kutoka mlangoni.

"Wewe! Kibali chako kiko wapi?"

Mgambo alimshika mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa nimeganda, nyimbo mbili zikiendelea kung'atana, nikimtazama, nikijua nimemfanya nini. Naye akanitazama. Akainua mkono wa kulia na kuzungusha vidole hewani, taratibu, kuelekea kushoto, kama anayepunguza sauti. Shusha mmoja.

Nikashusha. Ukabaki wimbo mmoja, safi kabisa. Watu wakarudi kucheza, na nilipoinua macho mlangoni hapakuwa na mtu; mwalimu alikwisha kuchukuliwa. Niliwapigia muziki mpaka saa kumi na mbili.