Amerudisha Kufuli Aliyoiondoa Mwenyewe

Chai haijapoa, na Mama Kufuli ameshakunja mikono ya blauzi. Mezani pake kompyuta tatu zinachapa kazi. Ya nne imeganda. Hata saa iliyo pembeni mwa kioo imesimama.

"Huyu ndiye mkorofi wangu," anasema, akiigonga kwa kidole. "Leo ama zangu ama zake."

Jina la Mama Kufuli amebandikwa na wenzake kazini. Yeye huandika kiini, ile programu ya chini kabisa inayoziamuru nyingine zote: wewe pita, wewe ngoja. Mbili zikiingia mahali pamoja kwa mpigo zinavurugana, kwa hiyo kiini huweka kufuli. Mmoja akiwa ndani, mwenzake husubiri nje.

Kusubiri kunachelewesha. Mwezi uliopita akapata wazo: programu ichungulie kwanza, na ikiona ndani hamna mtu, ipite bila kuhangaika na kufuli. Kasi ikapanda. Wakampigia makofi, bosi akamnunulia soda.

Kisha mashine zikaanza kuganda. Si zote, wala si kila siku, na ukikaa kuzivizia zinajifanya watoto wazuri.

Kiini hicho kinangojwa na wodi ya watoto wachanga, kwenye vifaa vya kupima pumzi zao. Bosi ameshasema: chanzo kisipojulikana kufikia mchana, kazi yao ya mwaka mzima inaingia kabatini. Mama Kufuli hakubisha. Mwanawe wa pili alilala wodi kama hiyo, na yeye, mama yake, alishinda akiitazama taa ndogo ya kijani ya kifaa cha pumzi.

Lakini leo amekuja anacheka peke yake.

Nyumbani kwake bafu ni moja, na komeo lake lilikuwa gumu hadi wakaling'oa. Wakakubaliana: tazama mlangoni, ukiona kandambili, kuna mtu. Asubuhi hii alichungulia, hakuona kandambili, akarudi chumbani kuchukua taulo. Aliporudi akausukuma mlango moja kwa moja. Ndani, mama mkwe wake, mapovu hadi masikioni.

"Mwanangu, hata hodi?"

"Nisamehe mama. Nilichungulia, hapakuwa na mtu."

"Ulichungulia lini?"

Alikaa kitandani na taulo lake, akacheka mpaka mumewe akamuuliza kama anaumwa.

"Ni lilelile," anawaeleza wenzake sasa, vidole vikikimbia. "Programu yangu inachungulia, inaona peupe. Kabla haijaingia, mwenzake ameshatangulia. Ni kitambo kidogo sana, ndiyo maana hatukukiona. Sasa nakirefusha makusudi. Naituma ikachukue taulo."

Anaiwasha upya ile ya nne, kisha anabonyeza. Kompyuta zote nne zinaganda papo hapo, na chumba kizima kinashangilia kama kumefungwa goli.

"Watu wanaofurahia mashine kufa," anasema bosi akiingia. "Nimewaajiri nyinyi kweli?"

Mama Kufuli anafuta mistari aliyopigiwa makofi, mmoja baada ya mwingine, na kuirudisha kufuli mahali pake. Jirani yake wa meza anamtazama. "Dada, na soda ya bosi utairudisha?"

"Nilishainywa. Aje achukue chupa."

Anaziwasha upya zote, anarudia jaribio lilelile la taulo. Saa kwenye vioo vyote vinne zinatembea. Mchana unaingia, bado zinatembea. Bosi anavuta kiti, anaziangalia kwa muda, kisha anampigia simu daktari wa wodi: kiini kinakuja.

"Na kasi yetu?" anauliza akikata simu.

"Imerudi ilikokuwa. Nitaitafuta tena, ila kwa adabu."

Mpango anao tayari. Kufuli ya sasa imefunga nyumba nzima. Yeye anataka kila chumba kipate yake, ili anayekwenda jikoni asimsubiri aliye bafuni. Itachukua muda, na safari hii atajaribu na taulo kabla ya makofi.

Lakini kwanza, akitoka kazini, anapitia duka la vifaa vya ujenzi, simu sikioni. "Mama, nanunua komeo. La chuma au la shaba?"

Anasikiliza, anaangua kicheko, kisha anamgeukia muuzaji.

"Anasema lolote, mradi nilifunge mlangoni kabla yeye hajaoga tena."