Kijiwe cha Mama Chekeche

Mafundi humwita Mama Chekeche, naye huitikia bila kinyongo. Mwaka wa kumi na tisa huu anachekecha mchanga wa lipu kwa shemeji yake, fundi, mdogo wa marehemu mumewe. Ana ukaidi wake mmoja: mawe yanayobaki kwenye chekeche huyatenga mafungu mafungu kandokando ya ukuta, kila shimo la mchanga na fungu lake, ili lipu ikipasuka ijulikane mchawi ni mchanga wa wapi. Shemeji humtania kwamba anafuga kokoto.

Siku hiyo chekeche likambakishia kijiwe chembamba, cheusi, chenye ncha, kingo zimemegwa vidogovidogo huku na huku, zikalingana. Mawe hayajifanyi hivyo yenyewe, na mawe anayajua. Akakisugua kwa brashi ya waya mpaka kikang'aa, maana kitu kichafu hakipelekwi kwa wakubwa, akaenda nacho makumbusho.

Mtaalamu, mwanamke wa makamo, alikigeuza chini ya lenzi. Akamweleza kuwa ni chembe cha mshale, yaani ncha yake, jiwe gumu la gumegume lililochongwa na watu wa kale kabla ya kujua chuma. Ila ule udongo aliousugua ndio ungesema kimetoka wapi. Bila udongo huo kitalala kwenye droo pamoja na mawe mengine yasiyo na kwao.

Jamani, ilimuuma. Kumbe yeye ndiye kakifanya kijiwe yatima! Kisha akakumbuka mafungu yake.

"Kwao napajua," alisema. "Twende."

Walipofika kwenye mafungu walimkuta shemeji na koleo. Mafungu mawili keshayamwaga chini ya sakafu mpya, anahamia la tatu, la shimo la bondeni kilikotoka kijiwe, ndilo lenyewe. Mama Chekeche akalikalia. Nakwambia alilikalia kitako, na gauni lake la kutokea, akamwambia shemeji akitaka kuchota aanze na yeye.

Wanawake wale wawili walilichambua fungu kokoto kwa kokoto. Vikatoka vipande saba vya gumegume lilelile. Kimoja mtaalamu alikipachika ubavuni mwa chembe, kikakaa kama pete na kidole.

"Mama," alisema, "miaka yote hii tungekuajiri sisi."

Wiki ile shimo la bondeni likazungushiwa kamba, magari ya mchanga yakarudishwa.

Na shemeji? Juzi kamjia kwa adabu zote, kitu kiganjani. "Shemeji, na hiki nitupe?"

Kilikuwa kipande cha kigae cha choo. Mama Chekeche alikigeuza, akakipapasa kingo, hana haraka.

"Tupa," alisema. "Lakini umefanya vizuri kuuliza."