Maksai wa Baba Aenda Mwezini

Filamu yenyewe ilinifikia kwenye flash ya mwalimu mwenzangu wa fizikia, imebanwa kati ya mitihani ya kidato cha tatu na picha za harusi ya dada yake. Ilikuwa filamu bubu ya zamani sana. Wanaume wenye ndevu wanajenga chombo cha bati, wanaruka nacho hadi mwezini, wanakuta wenyeji wasiotaka wageni, halafu wanarudi mbio. Hakuna anayetoa sauti.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na muziki katika shule ya upili hapa Lodwar. Kila Jumamosi naenda kambini Kakuma kufundisha kikundi cha maigizo cha watu wazima, wakimbizi na wenyeji wamechanganyika. Siku ile nilibeba filamu kwa sababu sikuwa nimeandaa kitu kingine. Nasema kweli, sina haja ya kujipamba. Tukatundika shuka ukutani, tukafunga madirisha, tukawasha projekta.

Sasa, watu wa Kakuma hawawezi kumvumilia mtu anayefungua mdomo bila kusema. Dakika tatu hazikuisha kabla kinyozi mmoja Mkongo, mwimbishaji wa kwaya ya kanisa lake, hajaanza kumsemea yule mzee mwenye ndevu nyeupe. Wasafiri walipofika mwezini, mama Msomali mwenye duka la vitambaa akajibu kwa niaba ya wenyeji.

"Nyinyi mmeandikishwa wapi?" akauliza. "Karatasi iko wapi? Rudi kwa laini."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Tuliitazama tena, na mara ya pili kinyozi hakusema, aliimba, na mama wa vitambaa akamjibu kwa kuimba. Nilirudi Lodwar jioni nikiwa nimeshaamua kwamba filamu hii isiyo na sauti itakuwa mchezo wa jukwaani wa nyimbo mwanzo hadi mwisho. Mwalimu wa fizikia, ambaye hujua mambo ya namna hiyo, akanihakikishia kwamba filamu imezeeka kiasi kwamba haina mwenyewe, na hakuna wa kuombwa ruhusa. Nilifurahi. Kuomba ruhusa sijawahi kuweza.

Shida yetu ya kwanza ilikuwa chombo. Fundi alitutengenezea kimoja cha bati, kizuri ajabu, tukakiacha uani juani tangu asubuhi. Saa saba mchana kinyozi akaingia ndani yake na akatoka kabla hatujamaliza kuhesabu kwenda angani. Alikaa chini ya bomba la maji muda mrefu. Hapo ndipo nikasema basi, hatwendi kwa bati. Sisi Waturkana tutawapeleka kwa maksai.

Niliposema hivyo, wanaume wa Kiturkana katika kikundi walinyanyuka kwenye viti. Kwetu kijana huwa na maksai wake. Humpinda pembe angali mdogo zikae anavyotaka yeye, humtungia wimbo, na watu huanza kumwita huyo kijana kwa jina la maksai. Akimwimba hunyoosha mikono juu kama pembe, na wenzake huitikia. Huitikia tu. Kuanzisha wimbo wa maksai wa mtu mwingine, na mwenyewe yu hai, ni kama kuvaa viatu vyake naye bado anavitafuta mlangoni.

Kwa hiyo nilihitaji maksai mmoja, na nikapata watatu. Kila mwanamume alitaka wake ndiye aende mwezini. Mmoja alisema maksai wa mwenzake hangefika hata Lokichoggio. Mwingine akachukua fimbo yake na kigoda chake, akawa anaelekea mlangoni. Mazoezi yalikuwa yanavunjika mbele ya macho yangu, na mimi nikikasirika huwa nasema kitu kwanza na kukifikiria baadaye.

"Tutatumia wa baba yangu," nikasema.

Wakatulia. Mkubwa wao akaniuliza kama baba yu hai. Nikasema yu hai. Akauliza kama amekubali.

"Baba hana neno," nikajibu.

Na kweli hakuwa na neno, kwa maana hakuna aliyemwuliza. Filamu isiyo na mwenyewe niliiulizia ruhusa, na wimbo wenye mwenyewe niliuchukua kavukavu.

Acha niseme kwa nini. Maksai yule alikufa katika ukame, na baada yake wakafa karibu wote. Baba akahamia Lowarengak kwa kaka yangu, ambaye ni mvuvi, akawa mzee anayekula samaki bila kusema kama anawapenda au anawachukia. Tangu maksai yule afe hakuimba tena. Nilipokuwa mtoto nililala kwa sauti ile. Nilikuwa nimemkosa baba yangu mwenye sauti, naye yuko palepale anakunywa chai. Ningemwomba wimbo angesema hapana, na hapana ya baba haina mlango wa nyuma.

Wale wanaume watatu walikubali kuitikia. Kuanzisha walikataa katakata. Basi nikampa kinyozi, ambaye hakujua chochote.

"Mwalimu, mi naimba tu," akasema. "Lakini ile ngombe haiko ya kwangu."

"Hiyo niachie mimi," nikamwambia. Akajifunza maneno ya Kiturkana kama anavyojifunza zaburi, neno kwa neno, kwa sauti ya kupasua paa.

Onyesho la kwanza lilikuwa Lodwar, Ijumaa saa tisa. Vibali vya kusafiri vya wenzetu wa kambini vilipatikana Alhamisi, nikashukuru Mungu, nikadhani mabaya yamekwisha. Ijumaa asubuhi kaka akanipigia simu. Baba yuko njiani, anakuja kwa daktari wa macho, nimpokee.

Nilimpokea. Mtoto wa jicho alikuwa ametanda macho yote mawili, na daktari akamwambia arudi Jumatatu. Nikamleta nyumbani, nikamwekea chai yenye maziwa mengi, nikamweleza kwa upole wote niliojaliwa kwamba nina shughuli ndogo ya wanafunzi, ukumbi una joto, na hakuna kitu cha maana cha kutazama.

"Mimi sioni," baba akasema. "Nikikaa hapa nitatazama nini?"

Akachukua fimbo na kigoda, akatangulia kutoka.

Nilimketisha nyuma kabisa, karibu na mlango, nikijidanganya kwamba umbali ungesaidia. Watu wote wengine walikuja kuona. Yeye peke yake alikuja kusikia. Mwanzo ulikwenda vizuri. Wanafunzi wangu walikuwa nyota na hawakuanguka. Wasafiri walibishana nani abebe maji. Kisha kinyozi akatoka katikati ya jukwaa, akarusha mikono juu, akaanzisha.

Mstari wa kwanza. Wa pili. Nyuma ya ukumbi mtu akagonga fimbo sakafuni.

"Nani huyo?" baba akauliza kwa Kiturkana, si kwa hasira, ila kwa sauti iliyomfikia kila mtu.

Ngoma ikanyamaza. Wale wanaume watatu wakanigeukia mimi pembeni mwa jukwaa, na wakajua kwamba mzee hakuombwa. Kinyozi alibaki na mikono hewani.

"Mwalimu, muzee anasema nini?" akaninong'oneza. "Niko nakosa?"

"Ni mimi nimekosa," nikamwambia.

Baba alikuwa anakuja, anapapasa migongo ya viti, na watu wanampisha. Nikashuka, nikamshika mkono, kwa sababu sikuona la kufanya zaidi ya hilo. Nilitaka ardhi ipasuke. Alipanda jukwaani, akamkaribia kinyozi mpaka pua zao zikataka kugusana, akaishika mikono yake na kuipapasa kutoka begani hadi vidoleni.

"Amempinda maksai wangu pembe zote nyuma kama mbuzi," akasema. Akauvuta mkono wa kushoto ukaenda mbele, akausukuma wa kulia nyuma. "Na ameruka kisima."

Sikukumbuka kisima chochote katika wimbo. Baadaye nilielewa kwamba utotoni nilikuwa nalala kabla wimbo haujafika hapo. Baba aliusema ule mstari, aliusema tu, bila kuuimba, na kinyozi akaurudia vibaya. Akausema tena. Mara ya nne kinyozi aliupata, na ukumbi, ambao nusu yake ni wachungaji na watoto wa wachungaji, ukaitikia bila kuombwa. Wote tulimngojea baba aanze.

"Ana ng'ombe?" baba akaniuliza.

Nikatafsiri. Kinyozi akashusha mikono.

"Kwetu zilikuwa mbili," akasema. "Vita ikazibeba."

Nikamwambia baba. Alifikiri kidogo, amekunja midomo, kama anayepima mtu sokoni.

"Mwambie amchukue maksai huyu."

"Kwa leo?" nikauliza.

"Amchukue. Mimi sina tena mahali pa kumlisha."

Nilimtafsiria kinyozi. Alishika mkono wa baba kwa mikono yake miwili na kuinamisha kichwa. Nami nikamnong'oneza baba kwamba anisamehe.

"Ungeniomba," akasema.

"Ungekataa."

"Ningekataa. Lakini ungeniomba."

Akaweka kigoda chake pembeni mwa jukwaa, akaketi, akalaza fimbo magotini. Kinyozi akainua mikono, wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, akaanzisha upya. Na baba akaitikia. Hakuanzisha, aliitikia tu, pamoja na wale wanaume watatu na ukumbi mzima, kwa sauti iliyokwaruza kwa kukaa muda mrefu bila kazi. Ilikuwa sauti ileile niliyokuwa nikiitafuta, na ilikuwa inamwitikia maksai wa mtu mwingine.