Verlin Tackett na Mzabibu Jike

Verlin Tackett ni mtu wa kuangalia chini. Ukikutana naye atakusalimu vizuri tu, lakini macho yake yapo kwenye kokoto. Mimi ni binamu yake, mwenye duka la chakula cha mifugo pale njia panda, na tangu Oleta mkewe afariki nimekuwa nikimwona akipita na lenzi yake ya kukagulia maua shingoni, anakwenda mtoni peke yake, anarudi peke yake. Jioni anakula maharage ya kopo akiwa amesimama jikoni. Sikuambiwa na mtu, nilimkuta mwenyewe.

Kinachompeleka mtoni ni mizabibu ya mwituni. Si ile inayoparamia miti. Hii ni mifupi, inatambaa kwenye kokoto za ukingoni. Mafuriko yanailaza, nayo inainuka. Zamani ilijaa mto mzima. Ng'ombe wakaila, wachimba kokoto wakaizoa, sasa imebaki kwenye ukingo mmoja chini ya shamba lake, na ofisi ya hifadhi ilimpa yeye kazi ya kuikagua na kuilinda.

Shida ni kwamba ina dume na jike, kila mmoja na shina lake, na huwezi kuwatofautisha mpaka wachanue mwezi wa Mei. Dume hunukia vizuri mno, halafu basi. Jike ndiye mzaaji. Na kila Mei Verlin alipiga magoti kwenye zile kokoto, akachungulia ua baada ya ua, akakuta madume matupu.

Mwaka juzi Bi Kessler wa ofisini alimkuta dukani kwangu, akamwambia bila kuzunguka.

"Bwana Tackett, madume peke yao hawatoi mbegu. Wakizeeka ndio mwisho wao. Mei ijayo usipopata jike, sitaweza kuutetea tena huu ukingo. Watapewa watu wa kokoto."

"Jike lipo."

"Lipo wapi?"

"Lipo, nimekwambia."

Ukoo wetu ndivyo ulivyo: hoja zikiisha, tunazirudia kwa sauti kubwa zaidi.

Mei ikafika. Asubuhi yupo mtoni, jioni yupo mtoni, magoti ya suruali yametoboka. Dub Akers, ambaye hana kazi ila kukalia magunia yangu, akamwuliza, "Vipi Verlin, mchumba kapatikana?"

"Bado."

"Jaribu mtandaoni, kaka. Siku hizi wote wamehamia huko!"

Watu wakacheka. Verlin akabeba chumvi yake ya ng'ombe akatoka, na kicheko kikafa chenyewe, maana kila mtu pale alijua anarudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Maua yalikuwa yanaanza kupukutika. Hakuwa amepata kitu.

Jumapili iliyofuata ilikuwa Siku ya Kupamba Makaburi. Hiyo haikosi mtu. Hata waliohamia mjini walirudi, tukafyeka majani, tukaweka maua, kisha tukala pamoja kwenye meza ndefu kando ya makaburi. Miaka yote hii Verlin alikuwa akija alfajiri, anasafisha kaburi la Oleta, anaondoka kabla meza hazijatandikwa. Safari hii nilimkamata mkono. Nikamwambia nimechoka kumtetea kwa watu, akae ale.

Akakaa. Shangazi Leota, ambaye ni shangazi wa kila mtu, akampakia skonzi jeli nyeusi ya zabibu, akamsukumia. Verlin akang'ata. Akaacha kutafuna.

"Shangazi, hizi zabibu umechuma wapi?"

"Nyuma ya banda langu la kuku."

"Hizi ni za ukingoni."

"Ndiyo. Mama zetu wote walizihamishia nyumbani, kwani hujui? Unaona mti unazaa, unang'oa, unapanda karibu na jiko. Nani ahangaike na usiozaa?"

Nilimwona Verlin akipiga hesabu kichwani. Vizazi na vizazi vya wapika jeli walikuwa wamechukua majike, wakaacha madume. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

"Wako uliupata lini?" akauliza.

Shangazi Leota akageuza macho kwenye kaburi. "Aliniletea Oleta, nilipovunjika nyonga. Ulikuwa wa mwisho kuzaa pale. Akasema nisikwambie, ulikuwa umekuwa mkali na hiyo mizabibu yako, ungegomba."

"Ningegomba kweli," Verlin akasema. Akafuta uso kwa kofia. "Angeniambia tu. Ningegomba, halafu ningenyamaza. Si alikuwa ananijua?"

Aliyepaswa kujibu alikuwa hatua chache kutoka pale, chini ya maua.

Tulikwenda kwa Shangazi mchana uleule. Mzabibu ulikuwa umelalia uzio, nyuki wa kutoka mtoni wakiuzunguka, maua yake ya mwisho bado yapo, na kila moja lilikuwa na kitumba cha kijani katikati, alama ya jike. Bi Kessler alipeleka jani maabara. Jibu likaja kwamba ni damu moja na wale wa ukingoni. Watu wa kokoto wakaambiwa watafute pengine.

Verlin alilaza matawi kadhaa ardhini ili yaote mizizi, akawa anakuja kuyamwagilia. Majira ya kuchipua mwaka huu tuliyakata, tukayatia kwenye ndoo tayari kwa kupelekwa mtoni. Shangazi Leota alitoka na mkongojo wake akasimama anatutazama.

"Miaka yote hiyo umepita barabarani hapo, Verlin, unaangalia chini. Ungebisha hodi siku moja tu, ningekupa skonzi, ungeujua."

"Ndiyo, Shangazi."

"Sasa umeshachukua ulichotaka. Utarudi kwa sababu gani?"

Verlin akashika chepe, akatazama kuku. Nilitamani kumpiga teke. Ndoo ilianza kuniumiza mkono, nami sikuiweka chini.

"Nitakuja Jumapili," akasema hatimaye.

"Jumapili ipi? Mimi ni mzee, usinipe ahadi ndefu."

"Hii."

"Basi uje na njaa," akasema Shangazi, akaingia ndani, akauacha mlango wazi.